Friji Iliyokufa

Kitendawili.
Nimekinunua kwa pesa ya pensheni,
nimekiingiza ndani, nimefunga mlango na dirisha,
usiku kimetoka bila kugusa komeo.

Hapa Naryn kila mtoto analijua jibu.
Joto, husema, na kuvuta kofia hadi nyusini.
Mama Burulcha hasemi. Anahesabu magunia ya makaa:
kumi na saba Oktoba, tisa mwaka mpya,
na Februari anafagia vumbi la gunia la mwisho
kwa ufagio uleule wa theluji.
Ukuta wake ni wa matofali ya udongo. Nje, thelathini chini ya sifuri.
Ndani, jiko linahema kama punda kwenye mwinuko,
na ukuta unanyonya, unanyonya, unaupa mlima.

Sisi tulikuwa wawili na friji moja.
Iliundwa katika nchi ambayo haimo tena kwenye ramani.
Mwalimu Temirbek aliing'oa mlango,
akatundika balbu ya wati sitini ndani,
kipimajoto kimoja tumboni, kingine mgongoni.
"Imetunza baridi maisha yake yote," alisema,
"sasa itoe ushahidi juu ya joto."

Sufu ilikuwa bure. Sufu ngumu ya kondoo wa kwetu,
wachuuzi hawaitaki, inawasha shingo;
watu huitupa korongoni, ikaoza na mvua.
Niliibeba kwa toroli. Niliiosha mara nne,
na Ijumaa walipokuja wageni wa posa
bado nilinuka zizi.
Hawakurudi. Sawa.

Kipande cha kwanza kilisinyaa, kikaketi chini ya fremu
kama mlevi, juu kukabaki wazi.
Cha pili tulikigandisha kwa uji wa unga:
panya walifanya karamu.
Cha tatu kilishika moto. Nyusi za Temirbek
ziliota tena baada ya mwezi, moja ikiwa nyeupe.

Lipo povu la kiwandani, ndiyo, zuri, jepesi,
linavuka mpaka kwa lori,
na bei yake kwa chumba kimoja
ni ng'ombe wa Burulcha pamoja na maziwa ya miaka miwili.
Basi usiniambie dawa ipo.
Dawa iliyo juu ya kabati usilolifikia
ni pambo.

Cha nne: matete ya ziwani, yaliyokatwa barafu ikiwa ngumu,
sufu katikati, iliyolowekwa boraksi isishike moto,
udongo na chokaa usoni. Unene, shubiri moja.
Tuliwasha balbu jioni. Tukakaa.
Hakuna kazi inayochosha kama kutazama
kisichotoka.
Saa nane usiku kipimajoto cha nje hakijatikisika.
Temirbek alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua tena.

Elimu yote, ukiichuja, inabaki hii:
hewa iliyotulia. Vijumba visivyohesabika vya hewa
iliyokatazwa kutembea.
Kondoo alijua. Tulimnyoa,
siri yake tukaimwaga korongoni.

Septemba tuliuvika ukuta wa Burulcha.
Alisimama uani, mikono nyuma, akitukagua
kama anayenunua farasi.
"Nyumba mnaishonea koti," alisema,
"na langu lina tundu kwapani."
Januari nilipita asubuhi. Kiganja chake kilikuwa ukutani,
hakukiondoa nilipoingia.
"Haunyonyi," alisema. Hilo tu.

Sasa ni Machi na magunia sita yamebaki.
Hajui ayafanyeje; ameyafunika zulia
kama wageni waliolala.
Kona ya kaskazini bado inavuja,
udongo umepasuka karibu na dirisha,
na jirani Jumagul anauliza bei kabla ya salamu.
Nimemwambia: sufu yako, jasho lako, chokaa yetu.
Kipande cha tano kiko frijini.
Nendeni mkalale, mimi naitazama balbu.