Mstari Mwekundu

Mimi ndiye niliyebonyeza.
Yeye alikuwa jikoni akimenya viazi,
akauliza kupitia mlangoni, "Itachukua muda gani, Radka?"
Nikamjibu, "Dakika arobaini, Bwana Bohumír.
Ukimaliza kula utakuta kompyuta mpya
ndani ya ileile kuukuu."
Kipya kinyemi. Nusu ya pili ya methali sikuitaja.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu
na sikuwa nimefiwa na mtu.

Nje, theluji ilikuwa imeifika Třebíč magotini,
mto umeganda kingoni,
na asilimia zilikuwa zikitambaa kwenye skrini,
kumi, kumi na moja, sitini,
kama treni ya mizigo inayopanda mlima.
Ni yeye aliyesema hivyo, akifuta mikono:
miaka thelathini na mmoja aliangalia ishara za reli,
hana kitu asichokipima kwa treni.

Kisha Linux ikaamka,
nadhifu, ngeni.
Picha ya miplamu yake imetoweka.
Herufi alizozikuza kwa ajili ya macho zimerudi kuwa sisimizi.
Barua pepe inamuuliza yeye ni nani.
Kengele ya dawa ya moyo, ile ya saa moja, haipo,
na kipanya alichokizoesha mkono wa kushoto
kimeusahau mkono.

Hayo hakuyajali.
"Yatarudi," alisema, "au tutazoeana."
Akafungua kitabu chake, kurasa mia mbili na kumi
za historia ya njia ya reli iliyokwisha kung'olewa,
ambazo hapana atakayezisoma ila mimi na yeye,
na hapo ndipo alipoketi.

Zdislava. Chini ya jina, mstari mwekundu.
Ukurasa wa tatu, Zdislava, mstari mwekundu.
Wa tisa. Wa kumi na nne, mara mbili.
Programu, kwa adabu zake zote,
ikapendekeza majina mengine matatu yaliyo karibu.

"Alilifundisha mwenyewe," akasema polepole.
"Mimi nasoma, yeye anachapa. Alipofika kwenye jina lake
mashine ikamkosoa. Akacheka,
akabonyeza pale palipoandikwa: ongeza kwenye kamusi.
Akasema, basi hata nikiondoka, yupo mmoja nyumba hii
asiyekosea jina langu."

Viazi vikaungua. Hapana aliyeinuka.

Nilitafuta mpaka saa saba usiku.
Programu ilikuwa imehama nyumba
bila kubeba sanduku.
Sanduku lilikuwa palepale, ndani ya folda
ambayo jina lake huanza kwa nukta,
na chenye nukta mbele hakionekani
mpaka uiambie mashine: nionyeshe na vilivyofichwa.

Faili jepesi. Neno moja kila mstari,
si kwa mpangilio wa alfabeti
bali kwa jinsi walivyokutana nayo:
Zdislava, la kwanza kabisa;
vituo vitano vya njia ile;
fundi wa mapipa aliyewapa hifadhi mwaka wa mafuriko;
mbwa;
dawa moja;
dawa ya pili, ya tatu, majina marefu kama mabehewa;
daktari mmoja wa Brno.
Halafu, mwisho, nádarží.
Nádraží ni stesheni. Hapa herufi mbili zimepishana,
na kosa limeingizwa kamusini
kama neno halali.
Baada ya hapo, miaka minne, hamna kitu.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.
Fundi haachi kosa.
"Hilo liache," akasema nyuma yangu.
"Jioni ile vidole vyake vilikuwa vimechoka."

Nikanakili yote, nikafungua upya.
Mstari mwekundu ukatoka chini ya jina,
kurasa zote kwa mpigo mmoja.
Herufi zilibaki sisimizi. Hakuniomba nizikuze.
Alivuta kiti, akainama karibu na kioo,
akachapa kwa kidole kimoja, cha kushoto,
nádarží,
akangoja.

Mashine haikusema kitu.