Hii Sijui ni ya Nini

Baba alilifungua mwaka wa foleni za mafuta ya taa.
"Nalisafisha tu," alimwambia mama, "Jumamosi nalifunga."
Jumamosi ile haijafika.

Gari la Mgiriki wa jineri, la paa la kukunja,
alilolinunua kwa pamba ya misimu mitatu,
likawa magunia tisa na makopo kumi na manne,
kila kopo na kitambaa cha merikani shingoni,
kwa wino wa zambarau wa ofisi ya ushirika:
Kabureta. Ina kilema.
Nati za gurudumu, nyuma, kushoto.
Hii sijui ni ya nini, lakini ilikuwepo.

Tulikulia ndani ya gari bila kulipanda.
Boneti ilifunika pipa la maji.
Mlango wa kulia ulifunga zizi,
na mbuzi walikijua kitasa chake kuliko sisi.
Taa moja kuku mwekundu aliitagia.
Kiti cha mbele kilikaa jikoni, springi zikilia,
na hapo mama alipalia sato magamba,
hapo alichambua mchele,
hapo alipokelea habari ya baba kutoka Bugando.

Mwaka jana nikaanza. Jioni,
baada ya madaftari ya hesabu ya watoto sabini na wawili,
namwaga kopo moja kwenye sinia, nahesabu upya.
Kaka Mafuru akapiga simu kutoka Geita:
"Waite wale wa mizani. Chuma chakavu kina bei."
Walikuja kweli, mizani begani,
wakaipapasa chasisi kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani.
Niliwapa maji ya kunywa. Wakaondoka na hayo tu.

Msasa, kutu. Kutu, msasa.
Kutu ya huku ziwani haigongi hodi,
inaingia kama shemeji anayekijua chumba chake.
Lugembe, fundi wa injini za mitumbwi pale Kirumba,
alinifundisha kwa maneno ya kuhesabika:
"Nati ikigoma, rudi nyuma nusu. Usishindane nayo."
Nimeyatumia hayo hata darasani.

Mbuzi niliwalipa mlango wa bati.
Kuku nilimpa beseni, akalisusia siku nne.
Ikabaki kiti.

"Hakiondoki," mama alisema, kisu hakikusimama.
"Baba yako alichukua gari zima, akanirudishia kiti.
Nyanjura, na wewe unakitaka hata hicho?"

Sikumjibu. Wiki tatu sikumjibu.
Nikafunga kiti cha plastiki kwa waya, upande wa dereva,
nikaazima betri ya Lugembe.
Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya sita, kitu kikapiga chafya.
Mara ya tisa moshi wa buluu ukapanda hadi kwenye majabali
na pimbi wote wa Bwiru wakatawanyika.

Mama akatoka, magamba mpaka viwikoni.
Hakusema kitu. Alilizunguka mara moja,
akainamisha sikio pale penye kabureta.
"Bado linakohoa upande uleule," akasema,
na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye miaka ishirini na mitatu.
Kisha: "Haya, leteni kiti. Ila nakikalia mimi."

Tukashuka Pasiansi bila paa,
maana turubai bado nadaiwa nusu,
mama na kanga kafunga chini ya kidevu,
springi zake zikilia kwa wimbo wa jikoni.
Karibu na Kirumba, kule majini, moshi ukasimama
ambao si moshi: wadudu wa ziwa, nguzo nzima,
wanakuja na upepo.
Hakuna cha kufunika. Hakuna pa kukimbilia.
Wakajaa machoni, masikioni, kwenye tundu la redio.
Tulifumba midomo tukacheka kwa pua
hadi Kamanga.

Kopo moja halijaisha.
Chuma kidogo, kimepinda, kina tundu mbili.
Gari linakwenda bila hicho.
Nimekiweka juu ya dashibodi, na kitambaa chake,
kwenye kona kinagongagonga.
Mama anasema kinamsumbua.
Nikisema nikitoe, ananishika mkono.