Koroboi

Waliniuliza mwanga, mimi nikajibu uchungu.
Wakili akarudia, polepole, kama anayepembua mchele:
"Somoe binti Nandonde, koroboi ilikuwa wapi?"

Juu ya gunia la korosho.
"Hadi mlangoni hatua ngapi?"
Nane. Labda kumi na mbili.
Mwandishi akaandika zote mbili.

Mle mahakamani Newala feni haizunguki.
Panga limelala mezani na lebo iliyokosewa tarehe,
na ile kutu ambayo kijijini tuliiita damu.
Mkemia ameandika sentensi moja: haikutosha kupimwa.

Kizimbani, Ausi Mchopa.
Miaka minne ya rumande imempunguza shingo.
Ni kweli waligombana na kaka yangu,
mpaka wa shamba, mikorosho saba.
Ni kweli alitamka kilabuni, uraka ukiwa kichwani,
kwamba Bushiri atamtambua.
Mnyambe nzima ilisikia.
Hata waliokuwa Masasi siku ile walisikia.
Lisemwalo lipo, walisema bombani,
ndoo zikijaa, na kesi nayo ikijaa.

Mimi nilichokiona ni mgongo.
Mgongo, na shati jeupe,
au lililodhaniwa jeupe.
Jina nililetewa asubuhi, msibani,
pamoja na bakuli la uji.
Nikavinywa vyote viwili.
Kufika polisi, lile jina lilikwisha kuwa jicho langu.

"Na utambi, ulikuwa unawaka?"

Hapo ndipo ikanijia harufu:
moshi wa utambi uliozimika,
puani mwangu, miaka minne baadaye, mbele ya jaji.
Mafuta yaliisha kabla mbwa hajabweka.
Nilikuwa napapasa sakafuni.

Nikasema: nilikuwa natafuta kiberiti.

Mama akavuta ushungi hadi machoni.
Shangazi akauliza, kwa sauti, nimehongwa kiasi gani.

Hukumu ilisomwa kwa dakika ishirini.
Neno shaka nililihesabu mara tisa.
Sikujua kuwa shaka ina mikono,
kwamba yaweza kumshika mtu bega
ikamtoa nje, juani, bila viatu.

Aliyemuua Bushiri yupo.
Huenda ni Ausi.
Huenda ni aliyenikorogea uji.
Sijui,
na hiyo "sijui" ndiyo kauli yangu pekee
ambayo wakili hakupata pa kuitoboa.

Siku hizi koroboi naijaza mafuta mchana.
Utambi naukata.
Kiberiti nakiweka pale
ambapo mkono unapajua gizani.