Kumpa Mgongo

Kindi hutosha kiganjani.
Mimi ni kindi wa futi saba na nusu,
mkia wangu unakipita kibanda cha aiskrimu,
na meno yangu mawili ya sponji
ni makubwa kama mito ya kulalia.
Kalina ana miaka miwili na miezi minne.
Nani wa kumlaumu?

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakuniona mimi, lakini walinena kweli:
haya yangu ni ya plastiki,
hayapepesi, hayasinzii,
mvua ya Olsztyn huyachapa
nayo yanatazama tu.
Wala mimi sioni kwa hayo.
Naona kwa mdomo, kupitia wavu mweusi nyuma ya meno.
Kwa hiyo yeye hulia akitazama juu,
mimi namwangalia kutoka chini,
na hatujawahi kukutana macho.

Jumamosi ya kwanza baba yake alimbeba akamleta.
Wit, mwezeka mapaa, lami bado iko kwenye kucha.
"Msalimie! Si ndiye huyu wa kwenye kikombe chako?
Mbona wa kikombeni unambusu?"
Kweli. Lakini wa kikombeni hakui.
Akamsogeza hatua, hatua tena,
simu tayari mkononi kwa picha,
na mtoto akampanda baba yake kama ngazi,
kifuani, begani, hadi utosini,
kiatu kimoja kikaangukia miguuni pangu.
Sikukiokota.
Ningeinama, ningekuwa mdomo unaoshuka.
Bibi mmoja kwenye foleni ya treni ndogo akasema,
"Mzoesheni, mzoesheni, dunia ina mengi."
Kanuni ya kazi yetu: kindi hasemi.

Usiku ule, nikila viazi vilivyopoa,
nikiwa nimeanika glavu juu ya kipasha joto,
niliwaza jambo moja tu: uso.
Uso umeumbwa na haya, husema watu.
Wangu umeumbwa na gundi.

Kumpa mtu mgongo ni kumtupa,
ndivyo tujuavyo.
Jumamosi iliyofuata nilipoliona koti lake la manjano langoni
nilikwenda kuketi ukingoni mwa maua,
mbali, hatua kama arobaini,
nikampa mgongo.

Mbele yangu bwawa, mabata, karatasi ya peremende inayoelea.
Nyuma yangu sikujua.
Nikamsikia Wit, sauti imeshuka:
"Tukae hapa. Tule keki yetu. Hatuendi popote."
Wakala. Walikula muda mrefu kuliko keki yoyote.
Jasho likanitiririka uti wa mgongo, chafya ikaja, nikaimeza.
Kisha viatu viwili vidogo juu ya kokoto.
Vikanyamaza.
Vikaja.
Vikarudi mbio.
Vikaja.

"Zipu," akasema.

Wiki nzima, nilikuja kuambiwa baadaye,
alikuwa akijifunza ya koti lake,
akipiga kelele kila aliposaidiwa.
Sasa hii hapa, zipu ndefu kuliko yeye,
imejificha ndani ya manyoya,
na hakuna mtu mzima aliyewahi kuiona
kwa kuwa wote hupigia picha meno.
Akaivuta. Vidole vitatu tu vya uwazi.
Hewa baridi ikaingia, tamu kama maji.
Akachungulia fulana yangu ya kijivu iliyolowa.
"Baba, kuna mtu. Kuna mtu amelowa."
"Ehee," akasema Wit, na hakuongeza neno,
na kwa hilo nilimpenda.

Akaifunga. Ilikwama, akaguna, akaifunga,
akanipapasa pale juu mara mbili
kama anavyopapaswa yeye asubuhi mlangoni:
"Haya. Usipate baridi."

Nikasahau. Nikageuka.
Akapiga yowe, akakimbia mpaka kwenye lango,
yowe lilelile la wiki iliyopita,
mabata wote wakaruka.

Jumamosi ijayo nitakaa palepale.
Nimemwambia fundi wa mavazi
asiipake zipu mafuta.
Inakwama kidogo, na kukwama kule
kunampa muda wa kusimama karibu.