Riali Thelathini na Nane

Shangazi wa bibi harusi, Bi Thuraya,
kaweka mkoba kitandani, kafungua zipu, kasema:
"Mwanangu, umpake ile ya riali thelathini na nane.
Usinitilie mtoto vitu vya Matrah."

Mimi mpambaji. Zuwena, wa Mabela,
nyuma ya kituo cha petroli.
Gari yangu imejaa brashi, pamba, taa ya duara,
na nje Agosti ya Maskati inangoja mlangoni
kama mkaguzi wa forodha:
unatoka kwenye baridi ya ukumbi, hatua tatu,
na uso unaanza kusema kweli.

Naijua ile ya thelathini na nane.
Kifuniko chake kizito; ukikifunga kinalia *tak*,
mlio wa pesa kutoka.
Siku niliyoinunua, muuzaji alinishika kidevu,
akanigeuza kwenye mwanga,
akatafuta rangi yangu katika vichupa kumi na kimoja
na hakuiona.
Vyote vimepauka kama chapati mbichi.
Akachukua kilichokaribia, akanihakikishia:
"Itakaa, hii itakaa."
Ikakaa kweli. Wiki nzima nilikuwa na uso wa mtu
na shingo ya Zuwena.

Yule Mbaluchi wa Matrah, kwenye uchochoro wa vitambaa,
hakunishika popote.
Alinitazama mara moja, akainama chini ya meza,
akainuka na kichupa cha plastiki:
"Dada, yako hii."
Riali mbili na baisa mia nane.
Ilikuwa yangu.

Sasa nikiri, maana hapa hakuna anayenisikia
ila karatasi: ile ya ghali iliisha tangu Shaaban.
Nilikiosha kichupa, nikakikausha juani,
nikakijaza ya Mbaluchi.
Bibi harusi, Muzna, ana rangi ya tende iliyoiva.
Nimempaka taratibu, paji, mashavu, hadi chini ya masikio.
Bi Thuraya akasogea, akagusa kwa ncha ya kidole:
"Umeona? Kitu cha ghali hujitambulisha."

Nikanyamaza.
Walisema kizuri chajiuza;
hawakusema chajiuza kwa jina la nani.

Lakini msinifanye wakili wa rahisi.
Niliwahi kununua wanja wa baisa mia tatu,
nikampaka binamu yangu Ghaniya siku ya Idi.
Macho yalivimba kama zambarau,
siku tatu amelala chumbani, pazia limefungwa,
anatusikia tu tukila.
Tangu siku ile, cha jichoni nalipa bila kuuliza.
Gundi ya kope nalipa.
Kinachokaa karibu na mboni sikipigii bei.
Cha shavuni, nabishana hadi jasho linitoke.

Usiku ule walicheza.
Wanawake mia mbili, ubani, oud, viyoyozi vimeshindwa.
Poda ya Bi Thuraya mwenyewe, ya Dubai, ya kwenye boksi la dhahabu,
ilishuka mifereji miwili
ikaingia kwenye kola ya hariri.
Muzna alilia, akacheka, akalia tena,
na uso ukabaki palepale, umetulia,
kama mtu aliyelipwa mshahara wake kwa wakati.

Saa nane usiku Bi Thuraya akanihesabia riali sitini,
akaniinamia sikioni:
"Niandikie jina lake. Na mimi nitanunua."

Nikachukua kitambaa cha karatasi cha mezani.
Mkono ulisita kidogo.
Kisha nikaandika: *Matrah, uchochoro wa vitambaa,
duka la tatu kushoto, mwambie akuangalie kwanza.*

Akasoma. Akacheka hadi bangili zikagongana.
"Nyie wapambaji! Siri zenu hamtoi."
Akanipiga begani, akaondoka na viatu mkononi.

Kitambaa kilibaki mezani,
chini ya sahani ya sambusa,
wino unaanza kunywa mafuta.