Magimbi ya Igombe

Nimerudi Igombe na begi moja
na mchanga mweusi ndani ya soksi.
Shangazi Nyamizi anamenya magimbi, anauliza:
"Huko Hawaii wanakula nini?"

Haya haya, shangazi.
Ila kwao gimbi ni kaka mkubwa,
mzaliwa wa kwanza, aliyezikwa akaota;
bakuli lake likifunuliwa, ugomvi unakoma,
hata wa mipaka, hata wa mashemeji.

Mama Nohea alinipokea kwa paji la uso,
lake kwa langu, pua kwa pua,
tukavuta pumzi moja.
Niliona haya. Nilikuwa nimekula vitunguu.

Akanionyesha hoteli, ghorofa juu ya ghorofa:
"Hapo chini palikuwa shamba letu."
Hakulia. Alilitaja shamba kwa jina,
na mvua yake kwa jina,
na upepo wake kwa jina.

Mimi, mzaliwa wa ziwani,
nilipoulizwa upepo wa kwetu, nikasema: upepo.

Shangazi ameacha kumenya.
Amenyoosha kisu kuelekea mawe ya ufukweni.
"Huu wa alfajiri," anasema, na kuutaja kwa Kisukuma.
"Ule wa kukausha dagaa," anautaja.

Taratibu, shangazi.
Rudia wa kwanza.