Kadi Isiyo na Nambari

Mia tisa na kumi na mbili.
Nimezihesabu mara mbili juu ya mkeka,
feni nimeizima zisipeperuke,
jasho nalifuta kwa kiwiko ili vidole vibaki vikavu.

Zilikuja na chingamu, moja moja,
dukani kwa Mbarak Basheikh, pale Langoni,
mwaka ambao shilingi ilinunua mbili
na chingamu tuliitema kabla haijaisha utamu,
maana tulichonunua hakikuwa utamu.
Wachezaji wa nchi tusizoweza kuzionyesha kwenye ramani,
masharubu, nywele kama vichaka, soksi mpaka magotini.
Barazani tulibadilishana: mshambuliaji mmoja kwa mabeki wawili,
mabeki watatu kwa kaimati nne za moto.
Mama alitaka kopo lake la Kimbo arudishiwe.
Hakurudishiwa hadi leo.

Halafu nikasikia kadi moja, huko mbali, imenunua nyumba.
Nyumba! Na mimi ninalo kopo zima.
Usiku ule nilijenga ghorofa ya tatu kichwani,
nikaipaka chokaa, nikapangisha.

Mnunuzi alitoka Mombasa, Bwana Hatimali,
glavu nyeupe, lenzi jichoni.
Akazipindua taratibu kama achambuaye mchele.
Mwisho akavua lenzi.
"Ndugu yangu, hizi zilichapwa kama mvua.
Na kila mtoto wa pwani hii alizitunza.
Chenye thamani ni kile ambacho akina mama walikitupa.
Mama zenu, kwa bahati mbaya, walikuwa wapole."

Mia tisa na kumi na moja:
bei ya karatasi ya kufungia karanga.

Moja akaipeleka dirishani.
Kipa yuko hewani. Hana jina, hana nambari,
mashine ilimruka siku hiyo.
Mkono wa Hatimali ukatetemeka kidogo, niliuona.
Akaigeuza.
Nyuma, kwa biro ya buluu, mwandiko wangu wa darasa la nne:
LALI KUPI. KIPA WA LANGONI.
"Nani kafanya hivi?"
Nikatazama mkeka.
"Wino huu," akasema, "umekunywa elfu themanini."
Naye akamalizia kahawa yangu, akaondoka
kuwahi boti ya Mokowe.

Alasiri nikampelekea Lali mwenyewe.
Anauza barafu karibu na soko, tumbo limemtangulia.
Nikamwambia: huyu ni wewe. Wewe ulivyokuwa,
kandambili mkononi badala ya glavu.
Akajifuta mikono kwenye kikoi, haikukauka,
akaitazama muda mrefu kuliko yule wa lenzi.
"Mimi sikuwa kipa, Bunu.
Mimi nilikuwa nafunga. Kipa alikuwa wewe.
Na mara nyingi hukuruka."

Akanirudishia, akaendelea kuvunja barafu.

Kona moja imelowa, inaanza kuvimba.
Sijaifuta.
Nimeiweka juu kabisa koponi, kifuniko wazi,
na feni nimeiwasha.